Kunyamaza Dunguni

Kabla ya kitu kingine chochote, nakumbuka sauti ya debe. Lilikuwa debe bovu la mafuta ya taa, limetoboka kitako, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa dungu, jukwaa la miti la kukalia mlinzi wa shamba, na kila mtoto aliyewekwa kuamia ndege katika mashamba yetu ya mtama alikuwa na lake. Yalilia mchana kutwa, moja hapa, jingine kule bondeni, na juu ya debe uliwekwa wimbo, maana debe peke yake halikutosha. Sisi watoto wa Nyarubungo tulitakiwa kuimba. Mgeni aliyepita barabarani angedhani tulikuwa watoto wenye furaha kupita kiasi. Kumbe tuliimba kwa amri, na waliotusikiliza kwa makini hawakuwa ndege. Walikuwa mama zetu, kila mmoja ameinamia jembe lake ng'ambo ya shamba, mikono kwenye mpini na sikio kwa mwanawe. Mtoto akinyamaza, mama alinyoosha mgongo na kupaza sauti: "Weee! Umelala?" Na mtoto asipojibu upesi, jembe lilitupwa na watu walikimbia.

Walichokiogopa ni malale. Mbung'o wa porini alikuuma leo, ukajikuna, ukasahau. Baadaye ikaja homa iliyofanana na homa nyingine yoyote, kisha tezi nyuma ya shingo, kisha usingizi wa kumkuta mtu katikati ya neno. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imetuondoa katika makazi yetu ya zamani, yaliyotawanyika huku na huko porini, ikatupanga pamoja kando ya barabara, nyumba ikitazamana na nyumba, na pori likafyekwa kutuzunguka ili mbung'o wakose kivuli. Tuliacha migomba ya mababu pamoja na makaburi yao. Mimi nilikuwa bado mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yananing'oka, kwa hiyo sikuililia migomba. Nilichokiona ni kwamba watu sasa walikaa karibu mno. Zamani hofu ya nyumba moja ilichoka njiani kabla ya kufika nyumba ya pili. Hapa iliruka ua asubuhi, na kufika adhuhuri ilikuwa hofu ya kijiji kizima. Lisemwalo lipo, walisema akina mama kisimani, na kama halipo laja. Na kweli lilikuja. Jirani yetu mmoja, fundi wa mizinga ya nyuki aliyezoea kuingia porini, alisinzia siku moja na tonge la ugali mkononi. Sisi watoto tulicheka. Mkewe alimtikisa, akafumbua macho, akatafuna, akasinzia tena. Haukupita muda akabebwa kwa machela kupelekwa kambi ya wagonjwa wa malale, na hakurudi. Ndipo ikatoka ile amri ya kuimba. Haikutoka bomani wala kwa jumbe. Ilitoka kwa akina mama wenyewe, na hakuna mtoto aliyethubutu kuivunja.

Niliivunja mimi, tena bila ukaidi wowote. Nilikuwa mtoto wa kutazama. Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyenifundisha kuamia, huko tulikotoka, kabla ya madebe. Yeye hakuziamini kelele. Alinipakata dunguni, magoti yake yakinibana mbavu, akaniambia nichague suke moja tu la mtama na nilitazame mpaka nilijue. "Usimtafute ndege," alisema. "Tazama mtama. Mtama wenyewe utakuambia." Mwanzoni macho yaliniwasha na mawazo yakanitoroka ovyo: njaa, sisimizi pajani, kiu, viazi vilivyobaki jikoni. Bibi hakunigombeza. Kila nilipotoroka aliligusa goti langu kwa kidole, nami nikarudi kwenye suke. Sijui alijuaje. Baada ya siku nyingi za kurudishwa hivyo, lilinijia jambo ambalo hata leo nashindwa kulieleza vizuri: suke lile moja lilipotulia machoni mwangu, shamba zima lilianza kuonekana pembeni mwake. Nikajua kwamba upepo huinamisha mtama wote pamoja, lakini ndege huinamisha suke moja na kuliacha litikisike peke yake. Nilimjua ndege kabla ya kumwona. Kombeo moja, kipande cha udongo, basi, kimya kikarudi. Pumzi yangu ilishuka ikawa ndogo, nami nilikuwa na raha ambayo sijapata kuionja tena mahali pengine, kanisani wala kitandani.

Katika kijiji kipya raha hiyo iligeuka kuwa kesi. Nikiimba sikuona kitu. Nilijisikia mwenyewe tu, na ndege, ambao si wajinga, walizizoea nyimbo zetu wakala mtama kwa kufuata mdundo. Basi nilikuwa naanza kuimba kwa utiifu, jicho likatua kwenye suke, na wimbo ukaisha wenyewe bila mimi kujua kuwa umeisha. Ndipo ilipokuja sauti ya mama kutoka ng'ambo, nyembamba, ya juu, inayokatika mwishoni: "Leokadia weee!" Nami nilipaswa kujibu: "Nipo!" Mara nyingine niliisikia kwa kuchelewa, na mama akawa ameshafika, majani ya mtama yamemkwaruza mikono, amepanda ngazi ya dungu na kunishika uso kwa viganja vyenye udongo. Aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema hapahapa. Akauliza nilikuwa natazama nini. Nikasema suke. Jibu lile lilimtisha kuliko kama ningesema nilisinzia, kwa kuwa usingizi wa mtoto una dawa, mpige kofi ataamka, lakini mtoto anayelala macho wazi umfanyeje?

Tangu hapo sikuwa na amani, na yeye hakuwa nayo. Kabla jua halijachomoza aliniketisha mlangoni, akanyanyua kichwa changu na kupapasa nyuma ya shingo, polepole, kidole kwa kidole, nami nilikuwa nasikia pumzi yake imesimama mpaka amalize. Aliniuliza maswali ya ghafla. Nikitwanga, angeuliza jina la mbuzi wa jirani. Nikila, angeuliza jana tulikula nini. Aliponikuta nimekodolea maji yanayochemka alinimwagia maji ya baridi usoni. Baba hakupenda haya, lakini alikuwa na methali yake moja aliyoitumia kwa kila jambo, mchelea mwana kulia hulia yeye, akaisema na kuondoka. Hata bibi yangu, mwalimu wangu wa suke, alianza kunitazama kwa shaka na kukataa kwamba aliwahi kunifundisha kitu. Nilimwelewa baadaye. Kijiji chenye woga hutafuta wa kumlaumu, na kikongwe anayewafundisha watoto kunyamaza alikuwa karibu sana na mkono.

Jumapili ndiyo ilinichanganya zaidi. Katekista alikuja kwa miguu, akatukusanya kwenye banda la sala, akatuamuru sisi watoto kufumba macho na kutafakari mateso ya Bwana bila kutikisika. Hapo kunyamaza kulikuwa utakatifu. Wenzangu walijikuna, walifinyana, walichungulia kwa jicho moja. Mimi nilitulia tuli, na katekista akanisifu mbele ya watu, akasema huyu binti ana roho ya sala, apelekwe kwa masista Rulenge akikua. Nikafumbua macho kumtafuta mama ili nione kama amefurahi. Alikuwa amesimama nyuma ya akina mama wote, mkono mdomoni, analia. Yeye aliona kitu kingine kabisa. Siku ile nilianza kujiogopa mwenyewe. Nilijiuliza, kama mtu mwenye malale hajui kwamba amelala, mimi nitajuaje kwamba niko macho? Swali hili si dogo hata kwa mtu mzima. Nililibeba kila nilipokwenda, na usiku nilijifinya mapaja ili nisilale, nikaamka mchovu, nikasinzia mchana, na watu wakasema: si mnaona, anasinzia!

Wakati huo zikaja habari kwamba babu yangu mzaa mama amefariki Murukulazo, upande wa Ngara, ambako mama alizaliwa. Mama akaenda kuzika. Njia ilipita porini, na mtu hakuweza kumzika baba yake kwa kupita njia salama ya mbali huku jeneza likisubiri. Kabla ya kuondoka aliwakusanya majirani mmoja mmoja akawakabidhi jina langu: muiteni, akisita kujibu muiteni tena. Waliniita, watu wema wale, tena kwa bidii, mpaka nikatamani kuhama dunia. Mama aliporudi alikuwa amekonda na ana homa. Alisema ni homa ya njia na majonzi, akanywa dawa yake ya majani, akarudi shambani, akaniita kama kawaida. Mambo yakaendelea, mtama ukaanza kuiva, ndege wakaongezeka.

Sikumbuki ilikuwa siku gani, ila jua lilikuwa limeegemea upande na nilikuwa nimeshatulia kwenye suke langu, nilipohisi kwamba kuna kitu kimepungua. Nilichukua muda kukitambua. Sauti ya mama haikuwa imekuja. Nakiri nilifurahi kwanza, kama mtu aliyeondolewa mzigo kichwani. Kisha furaha ikaniisha. Niliinua macho nikamwona mstari wa kulima umemleta karibu na dungu, amesimama, jembe limeinuliwa nusu, halishuki wala halipandi. Nzi alitua shavuni pake, akatembea, akafika karibu na jicho. Hakumfukuza. Halafu jembe likashuka, mama akaendelea kulima kana kwamba hakuna lililotokea, na baada ya kitambo akaita: "Leokadia weee!" "Nipo!" nikajibu.

Kwa hiyo nikahamisha macho. Lile suke niliachana nalo, nikaanza kumtazama mama kwa namna ileile niliyofundishwa, bila kumtafutia kitu, nikisubiri mwenyewe aniambie. Na aliniambia mengi ambayo hakujua anayasema. Mguu wake wa kushoto ulianza kukwaruza vumbi badala ya kuinuka. Chumvi aliitia mara mbili, au akasahau kabisa. Usiku alikuwa macho, akizunguka nyumba na kunipapasa shingo gizani. Mchana, akiketi kumenya ndizi, kisu kilitulia katikati ya ganda. Siku moja aligonga kiwiko kidogo tu kwenye mwimo wa mlango. Alipiga hatua kadhaa kana kwamba hajaumia, kisha ghafla akaketi chini akalia machozi kama aliyevunjika mfupa, yeye aliyenizaa bila kupiga kelele, kwa maelezo ya bibi. Alikasirika bila sababu, akacheka bila sababu. Alianza kufunga kitambaa juu sana, mpaka kwenye masikio. Mchana mmoja usingizi ulimshika ukutani na kitambaa kikateleza. Nikasogea. Nyuma ya shingo, chini ya ngozi, niliona vivimbe, vidogo, vya mviringo, kama maharage yaliyolowekwa. Nilitaka kuvigusa nikaogopa. Nilimfunika kitambaa chake vizuri.

Nilimwambia bibi. Bibi alinitazama kwa huruma mbaya sana, ile ya kumtazama mtu ambaye maneno yake hayana kazi tena, akanishika kiganja kuangalia kama nina homa. Nilimwambia baba. Baba alisema, "Mgonjwa ndiye anayempima mzima?" na akawaambia majirani jioni ile, kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika nyumba zote, kwamba mtoto sasa anaona ugonjwa kwa watu wengine, akili zinaanza kumtoka. Sikuwa na wa kumwambia tena. Nilichoweza kufanya nilikifanya: nilianza kuimba. Kijiji kizima kilishangaa. Nilipanda dunguni asubuhi nikaimba mpaka koo likakauka, nikapiga debe mpaka kitako chake kikaisha, na jicho langu halikumwachia mama. Jembe likisita, nilipaza: "Mama weee!" Na nilisubiri, nikihesabu mapigo ya moyo wangu mwenyewe, mpaka ajibu. Majirani walisema, afadhali, mtoto amechangamka, labda ile dawa ya maji ya baridi imefanya kazi. Ndege walikula karibu nusu ya mtama wetu msimu ule.

Siku ya kijiji kupimwa malale ikafika. Dresa, msaidizi wa daktari wa serikali, alikuja kwa baiskeli, kijana mtanashati, si mtu wa kwetu, asiyejua Kisubi wala Kihangaza. Alisema Kiswahili tu, lugha ambayo katika kijiji chetu waliijua wanaume waliowahi kulipa kodi bomani au kufanya biashara na Waswahili wa mjini Biharamulo. Mimi sikuwa na hata neno lake moja. Alikaa kitini mbele ya nyumba ya jumbe, na watu wakapita mbele yake kwa mstari, mmoja mmoja, wakigeuka na kuinamisha kichwa ili awapapase shingo. Asiyekuwa na kitu alikwenda zake. Mwenye tezi aliambiwa akae kwenye gogo lililolazwa kando, asubiri kuchomwa sindano na damu yake kutazamwa. Hakuna aliyelitazama gogo lile moja kwa moja. Watu waliopitisha shingo salama walitembea haraka, kisha wakacheka kwa sauti kubwa, kisha wakakumbuka nani bado yuko nyuma yao wakanyamaza.

Baba alinitanguliza. Mtu mzima yule, mwenye mvi, alimwamkia kijana shikamoo, maana hofu haina adabu. "Hapana, mzee, shikamoo ni ya kwako wewe," dresa alisema kwa haya. Baba hakuitika. "Bwana dakitari, mutoto huyu anarara macho wazi." Maneno haya niliyajua baadaye, baba aliyarudia kwa miaka. Dresa alinipapasa, akanivuta kope, akanisimamisha kwa mguu mmoja, akatabasamu. "Huyu mzima. Anayefuata." Hapo mama akasogea, kitambaa kiko masikioni, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Pima tena, bwana. Pima vizuli." Dresa akanipima tena, mtu mvumilivu yule, mstari ukiwa bado mrefu na jua likimchoma. Akarudia neno lake. Kisha akamwuliza mama kama yeye mwenyewe ameshapimwa. Mama akaonyesha kwa mkono upande wa machweo. "Nimepimwa njiani. Ngala." Dresa akatikisa kichwa kukubali, akachovya pamba kwenye spiriti ili ajifute vidole.

Neno moja tu niliambulia, Ngara, na jinsi mama alivyoigusa shingo yake juu ya kitambaa bila kuipapasa. Ilitosha. Nilijua kwamba mstari ukimpita mama leo, dresa hatarudi mpaka mtama mwingine, na mtama mwingine mama hatauona. Nilifungua mdomo nikakuta sina lugha ya kumwambia yule mtu. Basi nikaushika mkono wake. Ulikuwa wa baridi na unanuka spiriti. Aliniachia, nadhani alifikiri nataka kucheza, nami nikauvuta kwa nguvu zangu zote, nikanyoosha mwili mpaka kwenye ncha za vidole, nikausukuma chini ya kitambaa, nyuma ya shingo ya mama yangu, mbele ya jumbe, mbele ya baba, mbele ya watu wote. Kofi la mama lilinifikia kabla sijashusha mikono. Sijawahi kupigwa vile. Nilianguka kwenye vumbi, na nikiwa pale chini niliwasikia akina mama wakisema aibu, aibu, mtoto ameharibika. Kisha sauti zikakatika. Vidole vya dresa vilikuwa bado vipo pale nilipoviweka. Vilisogea kidogo, vikasimama, vikasogea tena. Akasema, kwa upole, "Mama, kaa pale."

Mama hakubishana. Alikwenda kwenye gogo akikwaruza mguu, akaketi, akaweka mikono mapajani kama mtu aliyefika baada ya safari ndefu. Watu walisogea mbali. Mimi nilibaki nimeketi vumbini, nimeshika shavu, sijui kama nimemwokoa au nimemuua, maana wote tuliowaona wakikaa pale walikuwa wameondoka bila kurudi. Kisha, katika ukimya ule, nikamsikia. "Leokadia weee!" Aliita kwa desturi tu, naamini, kama vile mtu anavyopapasa mfuko. "Nipo!" nikasema. Baba alijifunika uso kwa viganja.

Alibebwa kwa machela. Baba alishika mti wa mbele yeye mwenyewe, hakutaka kubadilishana na mtu. Mashamba yalivunwa, yakafyekwa, yakapandwa tena; mvua zilikuja na kwenda, na kila mtu aliyetoka upande ule niliutazama uso wake kabla hajafungua mdomo. Mama alirudi mtama ulipokuwa unatoa masuke. Tulimwona barabarani akiwa na baba aliyekwenda kumchukua, wanatembea polepole, amenenepa kidogo, mguu wa kushoto unainuka vizuri. Nilikimbia nikasimama mbele yake. Akapita upande. Baba ndiye aliyemgeuza bega na kumwelekeza. Sindano zile ziliwaokoa wengi, na miongoni mwa waliookolewa wapo ambao zilichukua macho yao kama malipo. Mama alibaki na mwanga na kivuli tu. Alinipapasa uso, kisha kwa mazoea mkono ukaenda nyuma ya shingo yangu, ukakaa pale.

Kuanzia msimu ule dungu letu lilikuwa na watu wawili. Nilimpandisha ngazi, nikamweka mbele yangu, magoti yangu madogo yakimbana mbavu, na debe likaachwa nyuma ya nyumba lishike kutu. "Sema unachokiona," aliniambia. Nikaanza na mambo makubwa, mlima, barabara, mtu anapita. Akakataa. "Anza na suke." Nikamwambia suke: punje zilizokwisha kuwa nyekundu, zile zenye weupe bado, mdudu wa kijani aliyekuwa anazunguka shina kutafuta njia. Alisikiliza bila kutikisika. Miaka kadhaa baadaye, ilipokuwa kesho yake naondoka kwenda shule Rulenge, nilimwuliza kwa nini alimdanganya dresa. "Nilijua mwili wangu," alisema. "Niliona wewe unaumwa, mimi nikiondoka nani atakuita?" Mficha maradhi kifo humuumbua, sote tunasema. Sikujua mpaka siku ile kwamba mtu anaweza kuyaficha yake ili apate nafasi ya kuyaangalia ya mwingine, ambayo hata hayakuwepo.

Sasa mimi mwenyewe ni kikongwe, na mbung'o wa kwetu nawakuta katika mazungumzo tu. Kitukuu changu Edita anasoma darasa la watoto wadogo mjini Biharamulo. Mwalimu wao, msichana mwenye sauti laini, ametuambia wazee kwenye mkutano kwamba watoto wa siku hizi hawatulii, macho yao yanaruka kama panzi, kwa hiyo kila asubuhi anawafundisha kukaa kimya, kufumba macho, kusikiliza pumzi zao na kuangalia mawazo yanavyopita. Wazazi walipiga makofi. Mmoja alisema kitu hiki kipya kimetoka mbali. Nilimwaza bibi yangu, kidole chake gotini kwangu, na jinsi alivyolazimika kukana kazi yake nzuri kuliko zote.

Juzi nilimpelekea Edita uji wake aliousahau. Nilifika dirishani wakati wa zoezi lenyewe. Watoto wale wote wameketi mkekani, mikono mapajani, macho yamefumbwa, na hakuna aliyetoa sauti. Mwalimu anatembea katikati yao bila viatu. Ni jambo jema, najua ni jambo jema, mimi kuliko mtu yeyote naweza kushuhudia. Lakini chumba kilichojaa watoto wasiotoa sauti! Nilimtafuta wangu, nikamwona nyuma, kichwa kimeinama kidogo, shingo nyembamba iko wazi, nzi anatembea shavuni pake naye hamfukuzi. Nikajiambia nyamaza, kizee, utaaibisha mtoto. Nikashika nondo za dirisha. Nikanyamaza kadiri nilivyoweza, halafu nikasikia sauti inatoka kooni kwangu, nyembamba, inakatika mwishoni.

"Edita weee!"

Watoto wote walifumbua macho wakacheka, na mwalimu akageuka. Edita peke yake hakufumbua. Alibaki vilevile, mikono mapajani, akajibu taratibu ili asiipoteze pumzi yake: "Nipo, bibi." Nikauweka uji dirishani, nikakaa chini ukutani mpaka kengele ilipolia.